Mtu wa Kumwamkia: Maisha ya Marehemu Dorkasi Kaniki, Shangazi wa Stendi ya Lushoto

Shikamooni, wazee wangu. Naanza na salamu, maana ningeanza na jambo jingine lolote marehemu angeinuka humo alimo, akanitoa hapa mbele kwa sikio.

Familia imenituma mimi, Hamisi, niwasomee maisha yake. Wapo walioshangaa, Mwislamu kusoma wasifu kwenye makaburi ya Walutheri, tena wakati Danieli, mwenzangu wa stendi, yupo na sauti yake ni nzuri kuliko yangu. Raheli, binti mkubwa wa marehemu, ndiye aliyekata shauri. Alisema, “Asome Hamisi. Danieli atalia kabla hajafika kwenye habari za shule.” Basi mnivumilie. Mimi ni dereva wa basi, nimezoea kupiga kelele, si kusoma.

Marehemu Dorkasi alizaliwa Vuga tarehe 3 Machi 1919, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kaniki na mama Rahabu, wakulima wa migomba na mahindi. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo aliwahi kusema kuliko wenzake wote, na akishaanza hakuna aliyemnyamazisha. Sisi tuliomjua ukubwani tunathibitisha.

Alianza shule ya misheni hapo hapo Vuga mwaka 1928, akasoma mpaka darasa la nne, mwaka 1932. Alipenda hesabu na kuimba. Alitolewa shule ili awalee wadogo zake baada ya mama yao kuugua, na jambo hilo lilimuuma maisha yake yote. Ndiyo maana mtoto akimwambia hataki shule, alikuwa hamchapi wala hamgombezi. Alimkalisha chini na kumsimulia habari za darasa la nne mpaka mtoto mwenyewe akakimbilia shuleni kujiokoa.

Tarehe 14 Oktoba 1939 alifunga ndoa na seremala Tobia Mntambo katika kanisa la Vuga. Wakajaliwa mabinti wawili, Raheli na Efrazia. Mwaka 1946 walihamia Lushoto, mume akitengeneza madawati, naye akipika katika jiko la shule moja ya bweni. Nchi ilipopata uhuru, Desemba 1961, alimwendea mkuu wa jiko akamwambia, “Nchi imejitawala, na mimi najitawala.” Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaenda zake. Mwezi uliofuata alitandika jiko la uji na mandazi pale stendi, na hakuondoka tena. Mzee Tobia alifariki mwaka 1965. Mabinti walikuwa wameshaolewa, mmoja Korogwe na mwingine Tanga, na nyumba ikawa kubwa kwa mtu mmoja.

Sasa nifike kwetu. Wakati huo stendi ya Lushoto ilikuwa na watoto. Wengine tulikuwa yatima wa mashamba ya mkonge huko bondeni, wengine tulitoroka mikono ya baba wa kambo. Malori yalishusha kabichi na nyanya Mombo, yakapanda na matenga matupu, nasi tukapanda ndani ya matenga hayo. Mimi nilikuja hivyo mwaka 1966. Nilikuwa na kaptura moja na sikujua kwamba duniani kuna baridi ya namna ile. Tulilala ndani ya matenga chini ya vibanda vya mboga, tukijifunika magunia.

Shangazi alitupa uji. Tulikula, tukatokomea, kesho tukarudi, basi. Mpaka Juni 1967, siku alipoinua tenga ili apange vyombo vyake, akamkuta Zainabu humo ndani, mtoto wa miaka kama mitano, anachemka homa na kifua kinapiga kelele. Hajala tangu juzi yake. Akambeba mgongoni mbio hospitalini, na Zainabu akapona. Lakini Shangazi alirudi amenuna. Akatuuliza, “Nani alijua kwamba huyu haonekani?” Hakuna aliyejua. Akasema, “Haya. Uji mnapata. Mnachokosa ni mtu wa kushangaa msipoonekana.”

Kesho yake akatupanga. Hakuomba kibali cha mtu. Alimwambia kila mtoto jina la mtu mzima mmoja wa mjini, na kila asubuhi, kabla ya uji, mtoto lazima aende kumwamkia mtu huyo. Salamu kamili, mikono mbele, siyo kupita unakimbia. Ukifika kwenye sufuria anauliza, “Ameitikia?” Ukisema ndiyo, unapewa kikombe. Ukidanganya anajua. Sijui alijuaje, lakini alijua.

Watu wenyewe hawakuambiwa lolote. Mwinjilisti Sefania aliona tu mtoto mchafu mlangoni kwake kila kukicha, anasema shikamoo, halafu anaondoka. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Wiki ya kwanza aliitikia marahaba. Baadaye akawa anaitikia marahaba na kuuliza, “Umelala wapi?” Siku moja niliumia mguu sikwenda. Saa nne mwinjilisti huyo akaonekana stendi, Biblia kwapani, anamuuliza kila mtu, “Yule mtoto wangu wa shikamoo yuko wapi?” Shangazi alikuwa anakoroga uji. Alicheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi.

Kosa moja alilifanya, nalo lilitufaa kuliko mengi aliyofanya vizuri. Alitugawa kabla hajatuuliza dini. Mimi Hamisi nikaangukia kwa mwinjilisti, na Danieli, aliyebatizwa, akaangukia kwa Mzee Mbaraka mwenye bucha, ambaye hakuwahi kukosa sala ya Ijumaa. Ilipojulikana, Shangazi akataka kutubadilisha. Mzee Mbaraka akakataa katakata. Akasema, “Huyu ameshaniamkia mwezi mzima. Unipe mwingine nianze upya? Kwani mimi nabadilisha shati?”

Basi kila Jumapili Mzee Mbaraka alimsindikiza Danieli mpaka lango la kanisa, akakaa nje juu ya jiwe na kofia yake ya kufuma. Ibada ikiisha anauliza, “Mahubiri yalisemaje?” Danieli, ambaye husinzia tangu wimbo wa kwanza, akabuni mahubiri yake mwenyewe. Mzee Mbaraka akaenda kwa Mwinjilisti Sefania kuhakikisha. Aibu iliyotokea hapo mwacheni Danieli awasimulie kwenye chakula. Na huyo Mwinjilisti Sefania, mwezi wa Ramadhani, ndiye aliyesimama mlangoni jioni akingoja jua lizame, uji na magimbi tayari mezani, akininong'oneza, “Bado, bado kidogo.” Dada Klara, fundi cherehani, Mkatoliki wa Rangwi, ndiye aliyepewa Zainabu. Akamshonea gauni kwa vipande vya vitambaa vya wateja, na wateja wote wakalitambua.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa tajiri. Mmoja alitoa kona ya kulala, mwingine akampeleka mtoto kuandikishwa shule kwa jina lake, mwingine akamfundisha kupima nyama. Bibi mmoja muuza majani ya chai hakuwa na cha kutoa kabisa, ila alijua tarehe ambayo jino la mtoto wake wa shikamoo liling'oka. Shangazi alimhesabu na huyo pia. Alisema amefanya kazi yake.

Kisha ukaja mwezi wa nane, mwaka 1970. Iliundwa kamati ya kusafisha stendi, kamati ambayo haipo tena, na mwenyekiti wake alikuwa Bwana Shekighenda, ambaye namwona amekaa mstari wa mbele na mwavuli wake. Mzee, shikamoo. Usiniangalie hivyo, nimeomba ruhusa kwako jana.

Kamati iliamua kwamba watoto wasio na wenyewe wapakiwe kwenye lori, wapelekwe kambi ya kazi huko bondeni. Siku ya soko, asubuhi, tukazungushiwa kamba, wakubwa kwa wadogo. Wengine wetu bondeni ndiko tulikotoka, tulijua kilichopo. Danieli alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Shangazi akaja mbio na mwiko. Bwana Shekighenda akamwambia, “Mama Dorkasi, wewe hatukusikilizi. Wewe ndiye unayewalisha wakajazana hapa. Mtoto atatoka akija mtu mwingine aseme ni wake, na kila mtu mtoto mmoja.”

Alidhani ametufunga. Jamani! Mzee Mbaraka alitoka buchani na damu ya ng'ombe kwenye aproni, akasema, “Danieli, twende, nyama inangoja.” Mwinjilisti Sefania akaja, akanishika bega, akanitoa kambani. Muuza chai akaja na mkongojo wake. Fundi viatu akaja, mwosha mabasi akaja. Kamba ikabaki inazunguka watoto wachache, kisha wawili, kisha mmoja.

Zainabu. Dada Klara alikuwa amekwenda Rangwi kwenye msiba tangu Jumatano. Waliobaki pale kila mtu alikuwa ameshachukua wake, na mwenyekiti alishasema mtoto mmoja. Dereva akawasha lori. Shangazi alisimama pale na mwiko wake, akitafuta kwa macho mtu ambaye bado hana mtoto.

Zainabu hakulia. Alitazama stendi yote, akapita chini ya kamba, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Shekighenda, akakunja magoti kidogo, mikono mbele kama alivyofundishwa, akasema kwa sauti, “Shikamoo, baba.”

Bwana Shekighenda ni Mshambaa aliyelelewa vizuri. Mkono ukaenda kwenye kofia wenyewe. “Marahaba, mwanangu,” akasema.

Stendi nzima ililipuka. “Ameitikia! Ameitikia!” Mabasi yakapiga honi. Shangazi akapaza sauti juu ya kelele zote, “Umesema mwanangu, Bwana Mwenyekiti, tumesikia sote! Kesho saa moja atakuja tena, na usipokuwepo nitakuja mimi!”

Lori likashuka Mombo tupu. Zainabu akaja kesho yake, na kesho kutwa, na Dada Klara aliporudi kutoka Rangwi akakuta ana mshindani. Tarehe 5 Desemba 1981 Zainabu aliolewa, akitokea nyumbani kwa Bwana Shekighenda, na gauni likashonwa na Klara kwa kitambaa kizima. Aliyelia siku hiyo kuliko wote simtaji, ana mwavuli.

Marehemu aliendelea na kazi yake hata miaka hii sukari ilipoadimika. Alikatia ndizi mbivu kwenye uji, akatuambia ndiyo siasa ya kujitegemea. Kifua kilianza kumsumbua mwishoni mwa mwaka 1982, moshi wa jiko la miaka mingi. Januari mwaka huu moyo ukaanza kuchoka. Alilazwa mwezi wa nne, na wauguzi wakapata tabu, maana asubuhi foleni ya shikamoo ilianzia kitandani ikaishia bustanini. Daktari alitaka kuipunguza. Shangazi akamwambia, “Nipunguzie dawa.”

Nilimwona mara ya mwisho Jumatano jioni. Sauti ilikuwa imekwisha, nikainama. Nilidhani ataniachia usia. Akaniuliza, “Yule mdogo aliyekuja na matenga wiki iliyopita, anamwamkia nani?” Nikasema, sijui, Shangazi. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikidanganya kuhusu salamu. Alifariki kesho yake alfajiri, Alhamisi tarehe 10 Mei 1984, na swali lake sikuwa nimelijibu.

Nilimwita shangazi kwa sababu yeye mwenyewe alikataa kuitwa mama. Alituambia, “Mama yako unaye, hata kama yuko kaburini. Mimi niite shangazi.” Namshukuru kwa hilo. Lakini leo nasema mbele yenu kwamba nimefiwa na mama mara ya pili, na mara hii nina umri wa kuelewa.

Marehemu ameacha mabinti wawili, Raheli na Efrazia, na wajukuu saba. Ameacha Danieli wa bucha, Zainabu ambaye sasa ni mwalimu Soni, mimi, na wengine wengi waliokaa huku nyuma, na wengine walioko kazini Tanga, Arusha na Dar es Salaam ambao basi halikuwahi. Ameacha pia mtoto mmoja, Amina, wa miaka kama sita, yule mdogo wa matenga aliyeniuliza habari zake. Amelala kwangu tangu Alhamisi, lakini mimi naondoka na basi kabla hajaamka, na Shangazi alishika sheria moja: mtu wa kuamkiwa lazima akutwe mahali pake kila asubuhi.

Shangazi, kazi umeifanya, uji umeiva, lala sasa kwa amani ya Mungu wako uliyemwimbia tangu Vuga. Hili moja lililobaki tutalimaliza sisi, kabla udongo haujaingia.

Amina, njoo hapa mbele, mwanangu. Usiogope, watu ni wengi lakini hawang'ati. Simama vizuri, mikono mbele, uwaamkie. Nasi tunyamaze kidogo, tusikie nani ataitikia.