Unywele Alioazima Dkt. Letisia Mligo

Baba Paroko, wazee wa Yakobi, ndugu mliotoka Makambako na mbali zaidi, mimi Tarsis, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, nanyi mtanivumilia sauti ikinikatika.

Letisia alizaliwa hapa Yakobi tarehe 9 Juni 1983, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Sila Mligo na mama Rebeka, akasoma shule ya msingi hapahapa, sekondari mjini Njombe, chuo kikuu Dar es Salaam, kisha Uingereza, alikopata shahada ya uzamivu na kuajiriwa maabara. Tarehe 2 Januari 2010 alifunga ndoa na shemeji yetu Yusto Nyagawa wa Kitandililo, aliyekubali kumfuata kwenye baridi iliyoishinda hata ya Njombe, wakajaliwa binti mmoja, Dainess.

Kazi yake alitueleza jikoni akimenya viazi: ndani ya miili yetu uzi wa urithi umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na kipo kimeng'enya kinachoziwekea alama, ili sehemu hii isomwe na ile inyamaze, nacho kikikosea, saratani yaweza kuanza. Alitaka kuona umbo la kipande cha kimeng'enya hicho kinachoweka alama, lakini ili eksirei ilionyeshe, lazima kwanza protini igande iwe fuwele, nayo iligoma miaka mitatu.

Mwaka 2018 alikuja likizo, akamwomba mama unywele, kwani mafundi wa kazi hiyo huchovya ncha ya unywele kwenye fuwele zilizopondwa, wakaipitisha kwenye tone jipya la protini, ili fuwele kubwa zipate pa kuanzia. Nywele Uingereza zilikuwepo tele, sote tulijua, ila yeye alitaka wa mama. Mama alikataa katakata, maana kwetu nywele hufukiwa nyumbani, hazipewi msafiri. Letisia hakubishana, lakini siku ya kuondoka, stendi ya Makambako, mama alivua kilemba, akang'oa mmoja, akamwambia akimaliza aurudishe.

Fuwele ziliota. Picha ya umbo lile ipo sebuleni kwa mama, kando ya Bikira Maria, na wageni huambiwa huyo ni mjukuu wake.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, akarudi nyumbani, akafariki tarehe 11 Agosti 2025 hospitalini Njombe. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wanajumuiya, na wenzake wa maabara waliotuma rambirambi.

Dada, uliporudi ulimkabidhi mama unywele wake kabla hujafungua begi, na leo asubuhi ameuweka kwenye kiganja chako, ufukiwe nyumbani pamoja nawe. Pumzika kwa amani, ahadi yako umeitimiza.