Nevena Hachelewi Tena

Benchi lenyewe liko mbele ya jengo la halmashauri ya Brestovina, katikati ya mashine ya kahawa inayomeza sarafu na mti uliobandikwa tanzia nyingi kuliko majani yake. Vijana wa mji huu wameshahamia Ujerumani. Waliobaki ni wa aina mbili: watumishi wa halmashauri, na wale wanaowatazama watumishi wa halmashauri wakiingia kazini. Aina ya pili ndiyo inayoamka mapema. Kuna Wakili, aliyekuwa tarishi wa mahakama na akastaafu na sheria zote kichwani, isipokuwa zilizoandikwa. Kuna Redio, bibi aliyeuza magazeti mpaka magazeti yakaacha kuja, ndipo akaanza kuyatangaza mwenyewe. Kuna Injini, dereva wa zamani wa trekta la halmashauri, ambaye kwake hakuna tatizo lisilo na skrubu. Na kuna Velichko. Yeye watu walikuwa wakimwita Mume wa Nevena, ila tangu mwezi wa pili jina hilo limewashinda kulitamka.

Saa moja na nusu mlinzi aliusukuma mlango mkubwa wa halmashauri, ukafungukia ndani. Sauti ya mwanamke, isiyo na mafua wala haraka, ikasema kutoka ukutani:

— Habari za asubuhi, Nevena Stoykova. Umewahi.

Velichko alikishika kikombe chake cha karatasi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa. Nevena alikuwa mkewe. Walimzika mwezi huo wa pili, ardhi ikiwa ngumu mpaka wachimbaji wakaomba shoka. Sasa ni mwezi wa tano.

— Haya, alisema Redio. Kaingia.

— Na hajakosa hata siku moja, alisema Injini. Isipokuwa Jumamosi na Jumapili.

— Hizo ni haki yake, alisema Wakili.

Mashine hiyo ya mahudhurio ililetwa vuli iliyopita. Inautazama uso wa mtumishi, inamtaja jina, inaandika saa aliyoingia na saa aliyotoka, kisha yenyewe, bila mkono wa mtu, inaipasha habari kompyuta ya mishahara. Meya aliizindua kwa kukata utepe, akatangaza kwamba enzi ya ubabaishaji imekwisha. Kesho yake meya mwenyewe akakatwa mshahara wa nusu siku. Kabla ya hapo mahudhurio yalikuwa kazi ya Nevena, naye aliyaandika kwa moyo: mwenye mtoto mgonjwa aliwahi, mwenye ng'ombe anayezaa aliwahi, na aliyelewa jana yake aliwahi ila alikuwa stoo. Mwenyewe alichelewa kila siku kwa miaka yote ya kazi yake, na hilo pia aliliandika kuwa amewahi.

— Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo, alisema Wakili.

— Sasa lake si lipo? alisema Redio. Mpaka mshahara unaingia benki. Si ndiyo, Velichko?

— Sijaugusa, alisema Velichko.

— Usiuguse. Lakini unaingia.

— Ndiyo maana nikasema ni wahenga, alisema Wakili. Hawakuwa na mashine. Kisheria jambo ni jepesi. Mhasibu anaandika kwenye kompyuta: huyu amefariki. Kompyuta inamjibu: huyu karipoti kazini leo asubuhi, acha utani. Aliyesaini leo hawezi kuwa amekufa juzi. Mimi ningekuwa hakimu ningeipa ushindi kompyuta.

— Bahati yetu ulikuwa unabeba mafaili, alisema Injini. Sikilizeni. Ile mashine haioni mtu. Ndani mna orodha, inaita tu kama mwalimu darasani. Nevena, Penko, Stanka. Kipofu kabisa yule.

— Kipofu? alisema Redio. Mbona jana ilimkataa Stanka kwa sababu kanyoa nyusi?

— Basi ina jicho moja.

Redio alitema ganda la mbegu ya alizeti, akasogea katikati ya benchi, mahali anapokaa akiwa na habari nzito.

— Nyie hamjui mambo. Nimeambiwa na mtu ambaye simtaji. Mji ukipungua watu, serikali inaufunga, tunaunganishwa na wale jamaa wa ng'ambo ya mto. Meya anakuwa meya wa nini? Wa mti huu? Sasa wanatuhesabu. Ndiyo maana wafu wanarudishwa kazini, mmoja mmoja, taratibu, tusishtuke. Wameanza na Nevena. Mwezi wa sita atasaini marehemu baba yangu.

— Baba yako hakuwahi kufanya kazi, alisema Injini.

— Atapewa. Kipindi hiki kuna nafasi.

— Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, alisema Wakili, na kwa kuwa hakuna aliyeelewa inaingiaje hapo, hakuna aliyempinga.

— Au ni roho, alisema Injini kwa sauti ya chini. Si huwa inazunguka pale ilipozoea?

— Roho huzunguka siku arobaini tu, alisema Redio. Tumeshapika ngano ya arobaini, tumeshakula, tumeshamwaga divai kaburini. Zimepita.

— Sawa, alisema Injini, lakini unamjua Nevena. Huyo alichelewa kufika kila mahali. Labda amechelewa na kuondoka.

Walicheka, kisha wakakumbuka aliyekaa nao, kicheko kikawafia mdomoni. Injini alimgusa Velichko gotini.

— Samahani, kaka. Ulimi huu.

— Umesema kweli, alisema Velichko. Lakini alikuwa anachelewa kwa ajili yangu.

Hakufafanua. Kahawa ya asubuhi alikuwa akiichemsha yeye, kwenye kibirika cha shaba, kwa moto mdogo, na kila povu lilipopanda alikitoa kibirika, akalisubiri litulie, akakirudisha. Ingeweza kuiva haraka zaidi. Nevena, koti mwilini na mkoba begani, alikuwa akisema, Velichko, wewe mtu utanifukuzisha kazi, na hapo hapo alikuwa akivuta kiti. Sasa kibirika kimewekwa kabatini, na mwenye kibirika anakuja hapa kunywa maji ya rangi yanayotoka kwenye bati. Benchi linadhani ameifuata kampani. Nyumbani hakuna anayelitaja lile jina. Majirani wanasema marehemu. Binti yake akipiga simu kutoka Munich anasema mama. Padri alisema mja wa Mungu. Katika dunia nzima imebaki sauti moja tu inayosema Nevena Stoykova kama mtu aliyepita mlangoni sasa hivi, na ipo mita kumi kutoka kwenye benchi hili.

Saa mbili gari dogo lilisimama kando ya mti. Akashuka msichana mwenye sanduku la vifaa na uso wa mtu aliyeendesha gari bila kunywa chai. Alijitambulisha kuwa ni Bilyana, fundi kutoka mji wa mkoa, akatia sarafu kwenye mashine ya kahawa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Wakili. Umekuja kutengeneza nini, mwanangu?

— Mashine ya mahudhurio, mzee. Kuna mtumishi mmoja amekataa kutoka kwenye mfumo. Nimekuja kumwondoa.

Hakuna aliyemtazama Velichko, na hakuna kilichokuwa dhahiri zaidi ya hilo.

Bilyana aliingia ndani na kikombe chake. Walimwona akisimama mbele ya ile mashine, akigeuka nyuma, akitoka, akiufunga mlango, akiufungua. Habari za asubuhi, Nevena Stoykova, ikasema mashine. Akaufunga tena. Akarudia mara ya tatu. Kisha akaja kwenye benchi polepole.

— Wazee wangu. Ile karatasi mlangoni ni tanzia ya nani?

Hapo ndipo walipogeuka na kuutazama mlango waliokuwa wakiutazama kila siku. Kwa nje, usawa wa kichwa cha mtu, ilikuwapo tanzia ya Nevena, na picha yake kubwa na safi, picha ileile aliyopigwa vuli na watu wa mashine. Mlango ukisukumwa, unageuka pamoja na uso wake wa nje, unakwenda kutazamana na ukuta wa pili, iliko mashine. Asubuhi mlinzi akifungua, Nevena anaingia. Jioni akifunga, Nevena anatoka. Hakuna aliyekuwa ameliona hilo kwa sababu moja rahisi: tanzia ukishaisoma, huitazami tena.

— Mashine ya bei ya chini, alisema Bilyana. Haitofautishi uso na picha. Nikibandua ile karatasi, leo hii mhasibu anamfuta, mambo yamekwisha. Lakini mlinzi kanikatalia. Kila mtu mle ndani kanikatalia. Nani aliibandika?

— Wasichana wa ofisini kwake, alisema Redio. Kwa mapenzi. Huku kwenye mti ingelowa, wakaichagulia mahali penye paa.

— Basi niambieni, kwenu huku tanzia hubanduliwa na nani?

Wakili alifungua mdomo. Alisema, kisheria, halafu akaufunga. Redio aliangalia mbegu zake. Injini alikuna shingo.

— Mvua, alisema Redio hatimaye.

— Hata kwetu ni mvua. Pale haifiki.

— Haifiki.

— Na isipofika?

Kikombe cha Wakili kilikuwa kimekwisha, akawa anakunywa hivyo hivyo.

— Mzee, wewe ndiye mwenye msiba? Bilyana alimuuliza Velichko, kwa adabu. Unasemaje?

Velichko alitafuta maneno. Mtu mzima wa miaka sabini anaanzaje kumwambia binti wa watu kwamba karatasi ni karatasi, ibanduliwe kesho, ibanduliwe sasa hivi, ana nakala nyingine sebuleni. Ila ile sauti iachwe. Alikohoa. Na katika kukohoa kwake Injini alipata wazo, la kwanza zuri tangu astaafu.

— Kwani lazima ibanduliwe karatasi? Marehemu hana skrubu. Mashine inazo nne. Ihamishe ile mashine, iweke ukuta wa mkabala, ambako ile picha haigeukii.

Bilyana aliupima mlango kwa macho.

— Inawezekana, alisema. Nusu saa tu.

Benchi lilisisimka kama limeshinda uchaguzi. Redio alifuta macho kwa kona ya kitambaa. Wakili alisema umoja ni nguvu, na kwa mara ya kwanza methali yake ikakaa mahali pake. Walimpigapiga Velichko mgongoni, mmoja baada ya mwingine.

— Tumekulindia mkeo, kaka. Haguswi na mtu.

— Asanteni, alisema Velichko. Asanteni sana.

Keekee ililia ndani ya ukumbi, ikanyamaza, ikalia tena. Redio alikuwa ameshaanza kusimulia habari hiyo kwa mtu aliyekuwa akipita na mkate. Velichko aliinuka, akaenda mpaka kwenye ngazi za mlango, akasimama na kofia mkononi. Bilyana alikuwa akifagia vumbi la chokaa kwa kiganja.

— Tayari, mzee. Tazama.

Aliufunga mlango, akaufungua. Uso wa Nevena uliingia ndani, ukatazamana na ukuta wenye matundu manne.

— Umeona? Imetulia kabisa.

— Nimeona.

— Umeridhika?

— Nimeridhika, mwanangu, alisema Velichko, lakini hakuondoka. Hebu fungua mara moja tena.

Akamfungulia.