Leso ya Ovide

OVIDE: Haloo! Haloo? Nani huyo? Sema kwa nguvu, simu inakwaruza.

WENDELL: Mwalimu! Ni mimi, Wendell! Napiga kutoka Chicago. Shikamoo!

OVIDE: Marahaba.

WENDELL: Afadhali kinyozi kakuita haraka uje kwenye simu yake. Hujambo lakini? Meno yako—

OVIDE: Meno yameisha. Tarumbeta siku hizi naifuta vumbi tu. Sema shida yako.

WENDELL: Ah, Mwalimu, hata salamu hazijaisha! Mbona mkali hivyo? New Orleans haijambo?

OVIDE: Ipo. Jumapili mchana tulisikiliza redio.

WENDELL: Mlinisikia! Nilipiga vizuri?

OVIDE: Vizuri sana. Ule wimbo niliomtungia mke wangu, siku tuliyomzika.

WENDELL: Wimbo wa Philomène! Watu huku wamedata, Mwalimu, wanasema jazi ya namna ile hawajawahi kuisikia. Sasa Alhamisi narekodi santuri, na— unanisikia?

OVIDE: Nakusikia.

WENDELL: Ni ile sehemu ya mwisho. Tukishazika, tunarudi kutoka makaburini, pale tarumbeta inapopanda peke yake kabla ya ngoma kuingia. Hapo vidole vyako sikuwahi kuviona. Leso ilikuwa juu.

OVIDE: Kwa kila mtu ilikuwa juu. Miaka arobaini nimepiga na leso juu ya vidole, wezi wa nyimbo wasinisome. Wewe peke yako nilikufunulia.

WENDELL: Karibu yote. Kimebaki hicho kipande tu.

OVIDE: Nilikuwa nakungoja uje ukichukue mwenyewe. Unajua Jumapili nilivaa nini?

WENDELL: Mwalimu, simu hii ya mbali ni ghali—

OVIDE: Suti yangu ya harusi! Nikaita mtaa mzima hapa kwa kinyozi. Jirani Eulalie kaja na sufuria ya gumbo, ule mchuzi wake mzito wa kaa na kamba. Nikawaambia nyamazeni jamani, sasa hivi kijana wangu anataja jina langu. Mtangazaji akakuuliza, nani alikufundisha?

WENDELL: Mwalimu, ngoja kwanza—

OVIDE: Ukasemaje?

WENDELL: Meneja wangu ndiye aliyeniambia—

OVIDE: Sijauliza meneja. Wewe ukasemaje?

WENDELL: Nilisema... nimejifundisha mwenyewe.

OVIDE: Ehee. Hakuna aliyeniangalia usoni, Wendell. Eulalie akaanza kupakua gumbo bila kuulizwa, vijiko tu vinalia, utadhani tuko matangani. Kinyozi akazima redio. Umenivua nguo mbele za watu, mwanangu. Nimeumia mpaka leo chakula hakipiti.

WENDELL: Lakini wewe ulikataa kurekodiwa! Watu wa santuri walikuja na mashine yao mpaka mlangoni ukawafukuza! Nani angekujua? Mimi ndiye niliyeutoa wimbo nje—

OVIDE: Wimbo umeutoa. Mimi umenifungia ndani.

WENDELL: [mkwaruzo] ...samehe! Wiki ijayo narudi redioni, nitakutaja, naapa kwa mama yangu! Nipe tu hicho kipande. Ukifa nacho je? Unataka kumzika Philomène mara ya pili?

OVIDE: [kiti kinakwaruza sakafu, anakaa]

WENDELL: Mwalimu? Upo?

OVIDE: [anaimba taratibu, bila meno] Taa... ra-ra... taa... ra-ri...

WENDELL: Ndiyo! Ndiyo, hapo hapo! Kalamu ninayo—

OVIDE: Ra-ri... raa... [ananyamaza]

WENDELL: Endelea! Halafu?

OVIDE: Hapo ndipo leso inapoanzia.

WENDELL: Usinifanyie hivyo! Nakuomba, Mwal— [simu inakatika]

[Simu inalia tena.]

OVIDE: Haloo.

OPERETA: New Orleans? Samahani, laini ilikatika. Kuna bwana Chicago anamtaka Bwana Ovide Duplantier. Anasema ni mwanafunzi wake. Nimuunganishe?

OVIDE: Mwanafunzi wake? Hapana, dada, hapo kuna makosa. Yule alijifundisha mwenyewe.

OPERETA: Bwana... analia huku.

OVIDE: Mwache alie. Mimi nililia Jumapili. Kwa heri, dada.