Yai Moja, Ahadi Mbili

Asubuhi hiyo benchi la nje ya kinyozi lilikuwa na watu kabla birika la kahawa halijachemka. Gundi, fundi viatu, alishika kandambili ya mteja bila kuitia sindano, maana akili yake yote ilikuwa nyumbani, chini ya kuku wake anayelalia. Kuku mmoja, yai moja, lakini yai hilo, jamani, utadhani la bata! Kilichomponza ni mdomo. Alishamwahidi mama yake mzazi kifaranga, na juzi, kwa kutaka sifa, akamwahidi na mama mkwe. Jumapili wanakuja wote wawili.

— Hivi yai moja haliwezi kutoa pacha? aliuliza, kama mtu asiyejali.

— Linatoa! alidakia Redio, mbeba maji asiyejua kunyamaza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ganda lote lile, kifaranga mmoja atalivunjaje peke yake?

— Toka hapa! Wembe, kinyozi mwenyewe, alichungulia dirishani. Fahali wawili hawakai zizi moja. Watapigana humo humo, yatoke manyoya matupu.

— Wanapokezana, alijibu Redio. Huyu analala mchana, yule usiku.

— Na kutoka je? Kila mmoja si atataka mlango wake?

— Kwani yai lina ncha ngapi, wewe?

Wembe akasonya. Gundi akapata moyo, akammiminia Redio kikombe cha pili.

— Sasa mkubwa nitamjuaje? Nikimpa mama mkwe yule mdogo, nimekwisha.

— Usilisifu sana, Wembe akaonya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Litageuka maji hilo.

Dada mmoja, mwenye kandambili ile, alikuwa kasimama muda wote anasikiliza.

— Samahani, kaka zangu. Jogoo ni wa nani?

Redio akamtazama Wembe, Wembe akaitazama mashine yake ya kunyolea.

Gundi alimkumbuka jogoo wake vizuri mno, yule mwekundu. Alimchinja mwaka jana, mama mkwe alipokuja, na paja nono akampa yeye. Tangu siku hiyo mtaani hapakuwika kitu.

— Kwa hiyo hata kifaranga mmoja hakuna? Redio alinong'ona.

Gundi akatunga uzi, akaanza kushona mbio mbio.

— Dada yangu, kandambili hii sikutozi kitu, alisema bila kuinua uso. Ila niambie, kwenu hamfugi kuku?