Risasi Sita Zilizogoma

FUNDI: Haloo! Haloo, nani mwenzangu?

MAMA PACHA: Ni mimi.

FUNDI: Mimi nani? Namba siijui. Sema kwa nguvu kidogo, mtandao unakwaruza.

MAMA PACHA: Mama Pacha. Hii simu ya jirani, yangu imezima.

FUNDI: Shemeji! Shemeji yangu, pole. Pole sana jamani. Mmeamkaje huko?

MAMA PACHA: Tumeamka.

FUNDI: Na pacha wangu? Wamekula?

MAMA PACHA: Mmoja kala. Mwenzake kasema atakula na baba yake.

FUNDI: Mungu wangu. Sikiliza, nafunga karakana sasa hivi. Begi liko mlangoni, basi la saa saba nalipata. Jioni nipo hapo, leo nitakaa na kaka mpaka—

MAMA PACHA: Ndicho nilichokupigia. Usipande basi.

FUNDI: Sijakusikia, umesema—

MAMA PACHA: Nimesema usipande kwanza.

FUNDI: Kwa nini? Mazishi si kesho?

MAMA PACHA: Kesho saa nne. Wifi kawakalisha wazee tangu asubuhi, na kinachozungumzwa ni jina lako tu. Bunduki alimtengenezea nani? Fundi. Risasi alimletea nani? Fundi. Kabla ya hapo alikuwa anafukuza mbwa kwa fimbo na kelele, na alikuwa hai.

FUNDI: Dada kasema hivyo?

MAMA PACHA: Kasema zaidi ya hivyo. Kasema kama risasi zako zilikuwa mbovu, usikanyage hapa, mdogo mtu au si mdogo mtu. Kama si mbovu, sema basi ni nini, uje umzike kaka yako. Nikawaambia niachieni mimi nimuulize. Haya, nakuuliza.

FUNDI: Hazikuwa mbovu.

MAMA PACHA: Fundi!

FUNDI: Shemeji, hazikuwa mbovu. Boksi lile la hamsini nililifungua mimi mwenyewe. Nikatoa kumi, nikazipiga hapa nyuma ya karakana, zikalia zote kumi. Ndipo nikampa kaka arobaini. Sijawahi kumpa mtu boksi bila kulijaribu, sembuse yeye.

MAMA PACHA: Sasa mbona sita zimegoma?

FUNDI: Sijui. Ndiyo nataka unieleze. Mimi nimesikia habari za mbwa tu, za huyu na yule. Kwako sijasikia.

MAMA PACHA: Unataka nisimulie?

FUNDI: Kama unaweza.

MAMA PACHA: [Anapumua.] Ilikuwa mchana kweupe. Nilikuwa barazani na cherehani yangu, nashona sare za shule. Wakaja wale mbwa koko, saba, wakaruka uzio wa chini, wakamkamata kondoo mmoja. Kaka yako akatoka na bunduki. Akawalenga. Tsk.

FUNDI: Haikulia.

MAMA PACHA: Tsk tu, kama mtu anakusonya. Unajua akafanya nini?

FUNDI: Akahesabu.

MAMA PACHA: Akahesabu! Kasimama pale kama nguzo, mtutu kauelekeza mbele, midomo inacheza, moja, mbili, tatu… Mimi napiga kelele, baba pacha, ingia stoo! Stoo hiyo hapo nyuma yake, hatua kumi! Akaninyooshea mkono ninyamaze. Fundi kasema thelathini, basi thelathini.

FUNDI: Risasi ikigoma inaweza kuchelewa tu, shemeji. Ukifungua haraka inakupasukia usoni. Nilimwambia kwa ajili ya macho yake.

MAMA PACHA: Najua ulimwambia. Yule mtu ukimwambia kitu! Hata chumvi alikuwa anaihesabu kwa punje. [Anacheka kidogo, kicheko kinageuka.] Alipofika thelathini mbwa walishamwacha kondoo. Walishamwona yeye.

FUNDI: Basi, shemeji. Basi.

MAMA PACHA: Umetaka nisimulie! Akaweka ya pili, tsk. Hiyo hakuhesabu tena. Ya tatu, tsk. Ya nne. Anarudi kinyumenyume, anaweka, tsk. Mpaka ya sita. Nilifika na mwiko, Fundi. Nilijikuta nimeshika mwiko wa ugali, sijui niliutoa wapi.

[Mtandao unakwaruza.]

MAMA PACHA: Upo?

FUNDI: Nipo.

MAMA PACHA: Unalia?

FUNDI: Mafua.

MAMA PACHA: Siku mbili hospitali, mpaka anakata roho, hakusema neno. Mimi naongea, yeye ananitazama. Kwa hiyo nataka kujua, Fundi. Silali. Kila nikifumba macho nasikia tsk. Najiuliza, kuna kitu tumekosea sisi humu ndani? Maana ikiwa ni kitu cha humu ndani kimemuua, haki ya Mungu, kesho mnifukie naye. Sitaweza kuwatazama wale watoto.

FUNDI: Usiseme hivyo.

MAMA PACHA: Nasema.

FUNDI: Hizo sita ziko wapi?

MAMA PACHA: Ninazo hapa. Niliziokota majanini, nimezifunga kwenye kitambaa.

FUNDI: Afadhali. Zitoe. Pole pole, usizigonge. Sasa, hii risasi ndogo haipigwi katikati ya kitako kama zile kubwa. Pini inagonga pembeni, kwenye ule ukingo. Tazama ukingoni. Kuna alama?

MAMA PACHA: Ngoja… Kuna kikovu kidogo. Kama mtu kaminya kwa ukucha.

FUNDI: Zote?

MAMA PACHA: Hii ndiyo. Hii… ndiyo. Zote sita.

FUNDI: Basi bunduki ilifanya kazi yake. Pini imegonga sawasawa. Risasi ndiyo haikuwaka.

MAMA PACHA: Si ndiyo nasema! Mbovu!

FUNDI: Subiri. Dawa ya kuwashia imo ndani ya huo ukingo, kidogo tu, na hapo hapajazibwa sana. Kitu cha majimaji kikikaa nazo muda, kinapenya taratibu mpaka kwenye dawa. Ikishalowa, umeshika kipande cha shaba tu, bora hata jiwe. Zililowa?

MAMA PACHA: Na nini? Maji hayakuzigusa hata siku moja. Nilizitunza kuliko macho yangu.

FUNDI: Mvua? Paa halivuji?

MAMA PACHA: Zilikaa kabatini, juu, pakavu, na nguo zangu za harusi.

FUNDI: Mbona hainiingii akilini? Sita mfululizo, kutoka boksi nililolijaribu… Hebu nisomee, kwenye kitako kuna herufi imegongwa. Herufi gani?

MAMA PACHA: Subiri nifute. Zinateleza hizi.

FUNDI: Zinateleza na nini?

MAMA PACHA: Mafuta.

FUNDI: Mafuta gani, shemeji?

MAMA PACHA: Ya cherehani. Si nakwambia nilizitunza? Zilianza kushika ukungu wa kijani mwezi ule wa mvua. Kaka yako akanung'unika, ah, zitaoza hizi. Nikasema huyu mwanaume hajui, mimi mashine yangu ina miaka kumi na moja, haijaona kutu, ni mafuta tu. Nikazitia zote kwenye kopo la jemu, nikamimina mafuta yakazifunika, nikaziacha wiki mbili. Zikatoka zinang'aa kama pete! Kaka yako alifurahi huyo, akasema, kumbe nimeoa fundi kumshinda mdogo wangu.

[Kimya.]

MAMA PACHA: Haloo? Fundi? Umekatika?

FUNDI: Nipo.

MAMA PACHA: Mbona umenyamaza?

FUNDI: Kuna… kuna mteja alipita mlangoni. Alisema hivyo kaka? Nimeoa fundi?

MAMA PACHA: Alisema. Akanipa na hela ya soda. [Anasita.] Fundi.

FUNDI: Naam.

MAMA PACHA: Umesema kitu cha majimaji.

FUNDI: Maji, nilimaanisha.

MAMA PACHA: Mafuta je?

FUNDI: Mafuta hayana neno.

MAMA PACHA: Si majimaji na yenyewe?

FUNDI: Shemeji, nani fundi hapa, mimi au wewe? Mafuta ni dawa ya kutu. Mimi mwenyewe hapa mikono yangu ni mafuta matupu. Ulifanya vizuri. Ulifanya inavyotakiwa… ulifanya kama mke.

MAMA PACHA: Niapie.

FUNDI: Nikuapie nini tena?

MAMA PACHA: Niapie kwa kaka yako aliyelala hapo chumbani. Kwamba si mafuta.

[Mtandao unakwaruza.]

FUNDI: Naapa kwa kaka yangu. Si mafuta.

MAMA PACHA: Basi ni nini? Sita, Fundi! Nikawaambie nini huko nje?

FUNDI: Kawaambie ni mimi.

MAMA PACHA: Ni wewe vipi?

FUNDI: Risasi zilikuwa mbovu.

MAMA PACHA: Dakika tano hazijapita umeniambia ulizijaribu! Kumi, zikalia kumi!

FUNDI: Nilikudanganya.

MAMA PACHA: Nini?

FUNDI: Nilijitetea. Sikuzijaribu. Siku ile kazi ilinizidi, boksi nilikuwa nalo siku nyingi chini ya meza, pale bomba linapovuja. Nikasema ah, ni kaka tu huyu, ya kufukuza mbwa. Nikampa hivyohivyo.

MAMA PACHA: Ni kaka tu huyu.

FUNDI: Ndiyo.

MAMA PACHA: Ni kaka tu! Mtu aliyekulipia ada! Aliyeuza baiskeli yake ujifunze hiyo kazi! Na unakaa hapo unanihoji mimi, zililowa, paa linavuja, unanitafutia kosa mimi, mjane, na unajua! Ulikuwa unajua!

FUNDI: Nilikuwa natafuta pa kutokea.

MAMA PACHA: Mwanaharamu wewe.

FUNDI: Ndiyo.

MAMA PACHA: Usiniitikie ndiyo! Bisha! Nitukane na wewe!

FUNDI: Sina la kubisha, shemeji.

MAMA PACHA: Mimi si shemeji yako.

[Analia.]

FUNDI: Hizo sita zichukue, uzitupe chooni. Leo hii.

MAMA PACHA: Unataka kuficha ubaya wako.

FUNDI: Ndiyo. Nisaidie hilo moja tu. Zitupe, na zilizobaki kabatini zitupe pia, asije mtu akaanza kuzichunguza. Dada akiuliza, sema Fundi kakubali mwenyewe, basi.

MAMA PACHA: Nitamwambia yote. Nitamwambia tulizitunza mpaka kwa mafuta, wewe ulikuwa unaziloweka chini ya bomba—

FUNDI: Habari ya mafuta iache.

MAMA PACHA: Kwa nini niiache?

FUNDI: Kwa sababu ukianza kueleza mengi watadhani unanitafutia njia. Neno moja linatosha. Kakubali.

MAMA PACHA: Unajua maana yake? Wifi hatanii. Hutafika kaburini. Si kesho, si mwakani.

FUNDI: Najua.

MAMA PACHA: Na wale watoto hutawaona.

FUNDI: Najua. Wakikua wakiniuliza, nitawajibu. Waambie baba yao alikuwa hodari, alisimama.

MAMA PACHA: Usije, Fundi.

FUNDI: Siji.

MAMA PACHA: Nilikuwa natamani uje. Nataka ujue hilo. Nilipiga nikiomba Mungu useme kitu, chochote, uje. Hakuna anayefanana naye ila wewe. Nilitaka kukuona unaingia getini.

FUNDI: Usinifanyie hivyo, shemeji.

MAMA PACHA: Ah, sasa umelia.

FUNDI: Nimelia.

MAMA PACHA: Lia. Mimi sina chozi lililobaki. Haya, nakata, simu ya watu hii, salio linakwisha—

FUNDI: Subiri! Naomba kitu kimoja.

MAMA PACHA: Una uso wa kuomba?

FUNDI: Sina. Naomba tu. Kesho mkimshusha, nipigie. Usiseme lolote. Acha simu wazi mkononi, basi.

MAMA PACHA: Usikie nini?

FUNDI: Udongo. Nitakuwa hapa uani. Nitashika wangu. Mkitupa, na mimi natupa.

MAMA PACHA: Kuna mlio wa salio hapa—

FUNDI: Shemeji—

MAMA PACHA: Saa nne. Wakikawia, saa nne na nusu. Nitapiga. Lakini sitaongea na wewe.

FUNDI: Usiongee.

MAMA PACHA: Na wewe usiongee.

FUNDI: Sitaongea.

MAMA PACHA: Haya.

FUNDI: Haya, shemeji. Leo jaribu kulala. Nimeshakwambia, si kitu cha humo nda—

[Simu imekatika.]