Kiti cha Mama Pole

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa duka la kinyozi, ukitazamana na mlango wa nyuma wa ukumbi wa pool. Ukikaa hapo unasikia mipira ikigongana ndani, na watu wa benchi hujidai kwamba kwa mlio tu wanajua kama mpira umeingia shimoni au umegoma. Uongo mtupu, lakini mwache mtu na benchi lake. Siku hiyo ya mashindano ya wachezaji wa kulipwa walikuwapo Fundi Ncha, anayebandika ncha mpya kwenye fimbo za wachezaji, mtu wa hasira za karibu anayejisifu kwamba yeye kila kitu humwambia mtu usoni, Kinyozi mwenye duka, kitana kikiwa kimechomekwa nyweleni, na Profesa, mshona viatu, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila uongo wake huanza na “kisayansi.” Birika la kahawa lilikuwa la Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yao. Na ubishi ulikuwa mmoja: Mama Pole yuko wapi?

Mama Pole hakosi shindano. Husimama kwenye nguzo iliyo nyuma ya meza ya kwanza, na peremende zake huzimenya zote kabla mchezo haujaanza ili makaratasi yasimpigie kelele mchezaji aliyeinamia mpira. Mchezo ukiisha, umati wote humkimbilia mshindi. Yeye humfuata aliyeshindwa, pale anapoifungua fimbo yake vipande viwili akijifanya yuko bize, akamwambia, “Pole, mwanangu. Umecheza.” Basi, anaondoka. Jina la Mama Pole lilizaliwa hapo hapo benchini, mdomoni mwa Fundi Ncha, likaenea ukumbi mzima.

Leo wachezaji walitaka kumshukuru. Pale penye nguzo walimwekea kiti kizuri cha sofa, wakakifunga utepe, na Fundi Ncha akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi, herufi nene nyekundu: MAMA POLE. Ilikuwa siri. Walitaka ashtuke. Mdogo wake Fundi, aliyepangwa mechi ya kwanza, ndiye angesema maneno ya shukrani mbele ya watu wote, maana hakuna mchezaji aliyepewa pole nyingi kama yeye. Asubuhi alimwambia kaka yake, “Nilitaka kuuza fimbo mwaka jana. Yule mama ndiye aliyenirudisha. Kaka, hakikisha amekaa pale.” Fundi akampa mkono. Akaapa.

— Wewe Fundi, alisema Shangazi akimimina, si ulitakiwa uwe mlango wa mbele kumpokea?

— Nimpokee wa nini? Kiti kimeandikwa. Mama wa watu anajua kusoma. Nipe kikombe kimoja nirudi.

— Hicho ni cha tatu.

— Shangazi, unauza kahawa au unahesabu?

— Mimi nawaambieni hatakuja, alisema Kinyozi. Yule ana mtoto anacheza pool nchi za nje. Anakuja hapa kuwasoma wapinzani, anampelekea habari. Sasa ameshamaliza kuwasoma.

— Atasoma nini kwa watu wanaofungwa? Shangazi akacheka. Si huwafuata waliofungwa tu!

— Ndiyo ujanja wenyewe. Aliyefungwa ndiye anayetoa siri.

Profesa akaweka kiatu cha mtu chini, sindano ikining'inia.

— Hamjui kitu. Kisayansi, yule mama alikuwa bingwa. Mtazameni anavyosimama, mguu wa kushoto mbele, bega limelala. Enzi zake wanawake hawakuruhusiwa, kwa hiyo alicheza na masharubu ya kubandika.

— Masharubu! Kinyozi aliruka. Profesa, kwenye viatu sikuingilii. Kwenye masharubu niachie. Mdomo ule haujawahi kubandikwa kitu.

— Gundi ya zamani haiachi alama.

— Nikupe kweli sasa? alisema Kinyozi. Ukumbi ni wake. Yule bwana tunayemwita mwenye ukumbi ni kibarua tu, amewekwa. Mama anakuja kukagua mali yake.

— Mwenye mali asimame kwenye nguzo? aliuliza Shangazi.

— Matajiri ndivyo walivyo!

— Basi mimi nawapa la mwisho, mtanishukuru, alisema Profesa, akashusha sauti kama anayeuza dawa. Kisayansi, ile pole si pole. Ni mawimbi. Yanaingia sikioni, yanateremka begani, yanakaa kwenye kiwiko. Chunguzeni. Aliyepewa pole shindano hili, lijalo anashinda.

— Mdogo wake Fundi kapewa ngapi? aliuliza Kinyozi.

— Ah, kile kiwiko kina kichwa kigumu.

Benchi likaangua kicheko. Fundi Ncha hakucheka. Aligonga kikombe kwenye ubao, kahawa ikamrukia suruali.

— Mnaropoka! Watu wazima, midomo wazi kama magunia. Mtu amewafanyia wema miaka yote mnamgeuza jasusi, mara mwenye masharubu. Mimi namjua yule mama.

— Haya, anaishi wapi? aliuliza Kinyozi.

— Anatokea upande wa kule.

— Kule wapi?

— Kule! Fundi akanyoosha mkono juu ya mapaa.

— Ana watoto?

— Anayemwita kila mtu mwanangu atakosa watoto?

— Mimi nimekuuliza tu. Usinile.

Fundi akapangusa kahawa kwenye suruali. Akilini alimwona yule mama alivyosimama mbele ya meza yake ya kazi, shindano lililopita, mkoba umekumbatiwa kifuani. “Mguu wa mama yako vipi, Fundi? Bado mnaukanda kwa maji ya moto?” Naye akamweleza mguu wote, goti mpaka kisigino, daktari alivyosema, majirani walivyosema, huku akisugua ncha kwa msasa. Alipomaliza kueleza akainama kuendelea na kazi. Mama akasimama pale kidogo zaidi, kama mtu anayengoja zamu yake ya kuulizwa. Halafu akaondoka. Fundi alihisi masikio yanapata moto. Akanywa kahawa isiyokuwamo.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka dada mmoja wa ulinzi, sare imempwaya, kofia kwapani. Alikuwa amekodiwa kwa siku hiyo moja.

— Shikamooni. Nimepewa dakika ya kupumua. Shangazi, kahawa ipo?

— Marahaba, mwanangu, keti. Ndani kumejaa?

— Pomoni. Na leo hairuhusiwi kusimama, waamuzi wamekataa kabisa. Kimebaki kile kiti cha utepe tu.

— Mwenyewe hajaja? aliuliza Fundi.

— Hajaja. Lakini msiwe na wasiwasi, nimekilinda kama roho yangu. Hata kuna mama mmoja nimemzuia.

Fundi akaweka kikombe chini.

— Mama gani? Fundi aliuliza polepole.

— Mama tu, mtu mzima, mkoba kifuani. Amekuja moja kwa moja mpaka pale kwenye nguzo, kama mtu anayeingia chumbani kwake. Akakiona kiti.

— Ukamfukuza! Fundi alikuwa ameshasimama. Umemfukuza mgeni wetu wewe!

— Kaka, punguza sauti, mimi sikufukuza mtu. Nilimwuliza vizuri, “Mama, wewe ndiye Mama Pole?” Akasoma ile karatasi. Akasema, “Hapana, mwanangu, mimi siye. Mama Pole ni nani?”

Hakuna aliyemtazama mwenzake.

— Nikamwambia nilivyoambiwa, kwamba ni shabiki anayependwa kuliko wote, wachezaji wanataka kumheshimu leo. Akafurahi, jamani! Akasema, “Wamefanya vizuri. Anastahili, msimkalie kiti chake.” Akaniuliza kama anaweza kusimama hata pembeni ya mlango. Nikamwambia leo hapana. Akaniambia, “Pole na kazi.” Akatoka.

Shangazi aliweka birika chini, akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

— Fundi, alisema Kinyozi taratibu, hukuwahi kumwambia kwamba tunamwita hivyo?

— Wewe ulimwambia?

— Jina ni lako. Wewe ndiye wa kumwambia mtu usoni.

Fundi Ncha alitafuta hasira zake, zile zinazokuja bila kuitwa. Hazikuja. Dada wa ulinzi aliwatazama mmoja mmoja, kikombe bado mkononi.

— Kwani ndiye yeye?

— Ndiye, alisema Shangazi.

— Basi bado tunawahi! Ameelekea kituo cha mabasi, wala haendi mbio. Mwenye kipaza sauti anaweza kumtangaza kwenye spika za nje, zinasikika mpaka barabarani. Nipeni jina lake nikimbie. Anaitwa nani?

Kinyozi alichomoa kitana nyweleni, akaanza kukipangusa.

— Kisayansi... alianza Profesa. Akaokota kile kiatu, akakigeuza upande wa pili, akakirudisha chini.

— Jina lake tu, dada alirudia, akidhani hawakumsikia. Au mama nani. Jina la mtoto wake.

Mlango wa nyuma ukafunguka tena. Mdogo wake Fundi alichungulia, fulana ya mashindano imepigwa pasi, fimbo mkononi, uso umejaa furaha ya mtu aliyekariri hotuba.

— Kaka, wananiita mezani. Ameshafika?

Fundi hakuweza kumtazama. Aliruka matofali akakimbia, kandambili moja ikabaki benchini. Alipita duka la dawa, akapita gereji, akatokea barabara kubwa. Kituo kilikuwa kimefurika. Mabasi mawili yalikuwa yanajaza abiria. Kulikuwa na migongo mingi ya wanawake, mikoba mingi, na kila mgongo ungeweza kuwa ule. Akavuta pumzi aite. Neno la kwanza lililomjia lilikuwa lile lile la karatasini. Akalimeza. Mama wa watu alishasema siye.

— Mama! alipiga kelele kwa nguvu zake zote.

Wanawake kama kumi wakageuka kwa pamoja, wakamtazama mtu yule mwenye kandambili moja, wakingoja awaambie anamwita yupi.