Baba Hamimu na Maji ya Saa Tisa

Asalaam alaykum wazee wetu, mama zetu, majirani wa Gihosha na wa Buyenzi, mi ni Nura, mutoto wa mwisho wa marehemu, kaka zangu wamesema nisome mi kwa sababu nilikuwa naye siku za mwisho, mutanivumilia nikienda mbio, mutoto wangu Houda amelala mgongoni na sitaki aamke.

Baba yetu Hamimu Yaseen alizaliwa Buyenzi tarehe 14 Mei 1958, mutoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma chuo cha Qur'ani na shule ya msingi hapo hapo Buyenzi mpaka mwaka 1974, kisha akajifunza umakanika kwenye gereji ya mjomba wake, ambako wanasema alijua kufungua injini kuliko kuifunga.

Tarehe 2 Februari 1987 alipewa kazi ya kusoma kipimo cha muto Ntahangwa, ile mbao ndefu yenye namba iliyosimama ndani ya maji, wao wanaiita eshele, akaisoma alfajiri na magharibi, mvua, jua, Idi, hata miaka ya vita alipopita njiani mikono juu, na wakubwa wa biro, ile ofisi yake, wakichukua namba zake wakapiga wastani wa siku, wa mwezi, wa mwaka, mpaka kila Januari mwaka mzima wa muto ukawa namba moja tu, naye akawaonyesha watu kama mutu anavyoonyesha diploma ya mutoto wake.

Alimuoa mama yetu Miza tarehe 25 Agosti 1990, wakajaliwa Himid, Khaled na mimi niliyezaliwa 2001, mama akatutoka tarehe 3 Juni 2016. Mi niliolewa na Ilias mwaka 2021, na tulipotafuta kiwanja baba ndiye aliyetuonyesha kile cha ukingoni mwa muto, jirani na viwanja vya Révérien na mama Consolate, ambao kabla ya kujenga walimuuliza mbele yetu, Mzee, maji yanafika hapa, akawajibu apana, tangu nianze kupima hayajafika hata nusu ya njia, jengeni mulale.

Hakuwadanganya, namba ndivyo zilivyosema. Lakini Machi 2023 mvua ilinyesha milimani, maji yakashuka saa tisa mchana yakabeba jiko la Révérien na sufuria ya maharagwe ikiwa motoni, na jioni baba alipokwenda kusoma eshele muto ulikuwa umesharudi mahali pake, umetulia, akaandika namba ileile ya asubuhi, na wastani wa siku ile ukatoka mudogo kama wa siku yoyote. Akakaa juu ya jiwe. Akaniambia, Nura, miaka hii yote mi namutembelea mutu saa ambazo hayuko nyumbani.

Tangu siku hiyo alipita nyumba kwa nyumba akituomba tuhame. Révérien akamtania, Mzee, wewe ndiye ulitulaza, sasa unatuamsha ya nini, watu wakacheka, na mi nilicheka. Nikamwambia tungoje Houda aanze kutembea, halafu tungoje kiangazi, na Houda sasa anakimbia. Basi kila mchana wa mvua baba akawa anakuja kwetu, anasimama nyuma ya jiko na mwavuli wa mama, anatazama maji, nikimwita aingie anasema, kaeni ndani nyinyi, mi nipo.

Tarehe 27 Machi mwaka huu wa 2025 alilowa sana akiwa amefunga, akakataa hata chai mpaka jua lizame, homa ikamshika, ikaingia kifuani, Idi ikamkuta hospitali, na Jumatano tarehe 9 Aprili, alfajiri, saa yake ya kwenda kusoma eshele, akatutoka, akiwa na miaka sitini na sita.

Juzi makaburini Himid aliuliza kama kuna anayemdai marehemu, mukasema hakuna. Lakini hospitali baba aliniambia, deni langu si la pesa, ni lile neno nililowaambia walale, uwaombe. Basi namuombea msamaha kwako Révérien, kwako mama Consolate, kwako Ilias. Ila mi sijui nimuombe nani, kwa sababu niliyemuacha kwenye mvua ndiye huyu tuliyemzika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kazi, sheikh wetu, majirani muliochimba kaburi, na we Révérien uliyeleta viti na turubai bila kuombwa.

Ilias, nasema mbele ya wazee ili tukifika nyumbani usinikatalie, mi na Houda haturudi kulala kule, godoro nimeshalipeleka kwa Khaled Buyenzi, nafasi yako ipo, na mama Consolate, nafasi ya watoto wako ipo pia, tutabanana. Naona mawingu milimani na naogopa, sitaki kungoja tena.

Mungu akurehemu, baba, pumzika, mvua ikinyesha leo mchana usisimame nje, kule nyuma ya jiko hatupo tena.